Wa Kwanza Kukanyaga Mchanga

Jumatatu, 4 Machi

"Mimi ndiye niliyetangulia kukanyaga mchanga asubuhi ile." Ukurasa wa hamsini na mbili. Uongo! Uongo uliopigwa pasi na kutiwa jalada gumu. Kijiko — tulimwita hivyo jeshini kwa kuwa alichomeka kijiko ndani ya buti popote alipokwenda — amegeuka mwandishi. Miaka ishirini na sita ni mimi ninayeishi kwa kalamu. Nimewatoa jasho mawaziri. Nimebishana na maprofesa mpaka wakakimbilia tanbihi. Kuhusu kutua kwetu ufukweni sijaandika hata mstari. Yeye, fundi wa friji, ameandika kurasa mia mbili na kumi.

Nimezisoma zote, kalamu nyekundu mkononi. Lugha safi. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mimi, ambaye kikosi kizima kiliniita Wakili kwa ubishi wangu, simo. Hata mara moja!

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu amekisoma akakimaliza. Makala zangu huwa anaishia kwenye kichwa cha habari. Nimemkuta sebuleni anafuta macho kwa upindo wa nguo. Shemeji anajua kuandika, anasema. Na mimi? Mimi, eti, najua kugomba. Akacheka. Kisha akauliza mbona hayo yote sikuwahi kumsimulia.

Nikaenda kuosha gari. Lilikuwa safi.

Jumatano, 6 Machi

Mhariri kapiga meza kwa furaha. Anataka maneno elfu moja ifikapo Jumapili jioni. "Mchome, mzee! Wasomaji wanapenda wazee wakirukiana." Nina miaka hamsini na moja. Mzee ni baba yake!

Hoja yangu imenyooka. Chombo namba saba, boti letu la kushushia askari, kilikwama kwenye fungu la mchanga, mita themanini kabla ya nchi kavu. Mlango wa mbele ukashushwa. Maji kifuani, risasi zinadondoka pembeni kama kokoto. Sajini alikuwa na utaratibu wake: mmoja anatangulia na ncha ya kamba begani, mwingine anabaki mlangoni ameshika ncha ya pili, wengine wanavuka wakiishika katikati. Wa mlangoni aishike kwa mikono. Asiifunge kwenye chuma! Chombo kikipungukiwa na watu kinaelea, mawimbi yanakirudisha nyuma, nacho kinamvuta kila aliyeshika kamba. Alituimbia hilo wiki tatu nzima.

Kijiko ndiye aliyepewa kutangulia. Kamba ilikuwa imelowa, nzito. Karibu na ufuko nilimpita. Hatua tatu! Wa kwanza ni mimi.

Nimeandika hayo kwa pumzi moja. Halafu kalamu ikasimama.

Aliyepangwa kubaki mlangoni alikuwa nani?

Alhamisi, 7 Machi

Uzinduzi wa kitabu, ukumbi wa maktaba. Nilikaa nyuma ili nichukie kwa nafasi. Watu walipiga makofi hata alipokunywa maji.

Dada wa mtu wetu wa redio alikuwepo. Kaka yake alizama asubuhi ile, redio mgongoni, kamba ameizungusha mkononi. Alimkumbatia Kijiko kwa muda mrefu. Mimi hunipa mkono, kama mtu wa bima. Akamshukuru kwa kuandika kwamba kamba ilikuwa kuukuu, ikakatika, na hakuna wa kulaumiwa. Kisha akanigeukia. Na wewe kaka, kwenye kamba ulikuwa wapi?

Nikasema tulikuwa wengi. Jibu gani hilo? Waziri akinijibu hivyo namchinja ukurasa wa mbele.

Kamba ilikuwa mpya. Naikumbuka mpaka harufu.

Ijumaa, 8 Machi

Kijiko amenipigia simu. Nilijiandaa kwa ugomvi, akaniharibia. Kasikia kwa mhariri. "Wakili, andika unavyotaka, ndugu yangu. Ile sura ya nne niliiandika mara tano. Mara nne ulikuwemo."

Nikafoka kwamba wa kwanza ni mimi. Akasema anajua. Aliniona nikimpita, mikono mitupu. Alipogeuka, chombo kilikuwa kinarudi baharini, kinaburuta watu watatu walioshika kamba. Wawili waliachia; wa redio hakuweza. Kijiko akarudi majini, akaikata kamba kwa kisu. Alichelewa.

Basi. Siku ile pia nilimwonea wivu, kwa kuwa ncha ya mbele alipewa yeye. Yangu nikaifunga kwenye chuma, mafundo mawili, nikamfukuzia. Na sasa hata kwenye huruma kanitangulia! Kanisitiri bila kuniomba ruhusa. Namchukia kwa hilo kuliko kwa kitabu.

Jumapili, 10 Machi

Saa tisa alasiri. Mhariri kapiga simu mara mbili. Makala mbili ziko mezani. Ya kwanza inamchana Kijiko vipande vipande, na ni nzuri — nzuri mno. Ya pili ina mwisho tu, haina mwanzo. Sijachana yoyote.

Dada mtu yuko sebuleni. Mke wangu kamwalika bila kuniuliza. Wanasomeana kitabu kwa zamu, sauti zinapita chini ya mlango. Wamefika ukurasa wa hamsini na mbili. Mke wangu kagonga: mgeni bado ana lile swali lake. Nimesema nakuja. Ninakili kwanza mwisho wa ile ya pili, nione kama mkono utakubali tena:

Ninyi wanne wa chombo namba saba mlio hai — wewe fundi cherehani, wewe dereva wa lori, wewe uliyekuwa mpishi wetu, na wewe sajini uliyelazwa hospitali — mliona. Liandikieni gazeti hili wiki hii. Semeni nani alitangulia mchangani. Mtajeni kwa sauti, ni haki yake. Kisha semeni kamba aliifunga wapi. Msimwonee huruma kama alivyofanya Kijiko. Ni mimi. Nitajeni!