Wali wa Wafu

Mingoyo, Februari 1994

Tekla, mdogo wangu mpendwa,

Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, redio za Kijapani zimejaa hapa njia panda. Mashairi ya wajukuu wa Wajapani waliohamia huko kwenu Kanada yamefika kwa kifurushi chako peke yake, nami nakushukuru.

Nimemfasiria Mama lile la msichana anayemtazama bibi yake akiwawekea wafu wali na kuwaita kwa lugha asiyoielewa mtoto. Mama alicheka. "Huyo bibi Mmakonde kabisa! Unga wa tambiko tu ndio hana." Kisha akauliza, "Bona, mtoto wa Tekla ataniita kwa lugha gani?"

Nilimweleza kwamba msichana yule, alipokua, aliwaita wafu wake kwa Kiingereza.

"Wakaitika?"

Nilijibu kwamba shairi halisemi.

Daktari hatarajii kwamba Mama ataufikia msimu wa korosho. Nakuomba umlete mtoto mapema. Iwapo haitawezekana, ujue kwamba Mama ameniomba nimfundishe Kiingereza. Salamu hazitaki, wala majina ya vitu. Anataka neno moja tu, la kuitikia.

Nduguyo,
Bonaventura