Kiti cha Gari ya Mwingereza

Mama Emilienne,

Naapa kwa kaburi ya mama yangu, hakuna uongo hapa. Asubuhi nimekuta kiti cha ile gari ya mbio ya Mwingereza ninayoifufua uani kimebonyea kama mutu anakaa, tena kina joto. Moteri iko bado vipande vipande chini, lakini usukani ulikuwa unageuka polepole. Wajukuu wasiipande! Maharage iko motoni.

~~Panya wamekula sanda yako.~~

Haya, najua umefungua sanduku ukaikosa. Sanda uliyojiwekea ndiyo niliyoshonea kile kiti. Nguo ya kaburi ikikosa mwenyewe inaita mwingine, na ameitika.

Nimeenda Kasongo na baiskeli. Nitaibadilisha na sanda mpya, nirudi kwa miguu.

Baba Emilienne