Mama Furaha, Bonde Limelimwa Lote

Mpendwa Mama Furaha,

Nakuandikia nikiwa nyumbani kwetu Kavimvira, mchana, mlango ukiwa wazi. Uani mdogo wako Debora anachambua maharage pamoja na wanawake wa kanisa, na viti vya kuazima vimeanza kufika. Kesho watu watakuja kukulilia. Kwa kuwa hakuna mwili wala kaburi, mchungaji amesema kilio hakiwezi kuanza mpaka mimi bwana yako nisimame mbele ya watu na kusema kwa mdomo wangu kwamba ulikufa. Nikishasema, ndipo wanawake watalia. Nisiposema, watakula maharage na kurudi kwao, na binti yetu Furaha hataolewa.

Tangu asubuhi najaribu kulisema neno hilo peke yangu, na halitoki. Si kwamba machozi yananizuia, maana machozi sina. Sisikii kitu, mama, na hilo linanitisha kidogo. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu kanisani: unaugusa, unajua ni wako, lakini wenyewe haukujui. Basi nimeona nianze kwa kuongea na wewe.

Unakumbuka jinsi tulivyoishi nusunusu. Mvua zilipokatika, parki ya wanyama ya kaskazini, kule mbele ya Bukavu, ilichukua watu wa kiangazi: kufyeka njia za kuzuia moto, kuchoma majani mapema kabla hayajakauka kabisa, kufukuza wawindaji. Mvua ziliporudi, tulirudishwa nyumbani kama majembe ya kuazima. Wewe ulikuwa ukiwaambia majirani kwamba umeolewa na mvua, kwa sababu kiangazi huna bwana. Walicheka sana, na mimi nilikasirika, kisha nikazoea, mwishowe hata mimi nikawa naisema hiyo kwa wenzangu kule juu.

Na kurudi kwangu ndiko kulikokuchekesha zaidi. Lori la kutoka Bukavu lingeweza kunishusha hapa mlangoni, lakini mimi nilishuka Luvungi, nikavaa kofia, kaptula ya kaki na mkanda wenye kifungo cha shaba, nikaja kwa miguu bonde zima, nikilala Luberizi kwa jamaa, ili watu wanione. Hakuna mwaka niliopita njia nyingine. Ulisema wanaume wengine huleta sukari, wako analeta kofia. Lakini nilijua kwamba siku hizo ulikuwa unakaa nje, upande wa barabara, umejifunga kitenge kizuri, na ukiniona kwa mbali unaingia ndani haraka ili nisijue kwamba ulikuwa unangoja.

Uhuru ulinikuta kule juu. Mzungu mkubwa wa parki aliondoka na gari, tukabaki magardi peke yetu, sisi walinzi wa wanyama, hakuna aliyetuambia tuendelee wala tuache. Tukaendelea. Niliporudi uliniuliza wale wanyama sasa ni wa nani, nikakujibu kwa kifua mbele kwamba ni wetu.

“Kama ni yetu,” ukasema, “juu ya nini hatukule hata moja?”

Nikavua kofia, nikaomba chakula. Nimestaafu, nimezeeka, na swali hilo bado ninalo.

Kulikuwa na desturi moja ya magardi ambayo hukuipenda hata kidogo. Mtu akipotea wakati wa mvua, majani yakiwa marefu kuliko yeye, hatukumlilia. Tulingoja kiangazi. Tukichoma majani, tunapanga mstari, kila mtu na mwenzake karibu, tunatembea juu ya ardhi nyeusi tukiangalia chini. Pale hakuna kinachojificha. Tukimwona, tunamlilia siku hiyo. Tusipomwona, hatumlilii, kwa sababu labda alivuka akaenda nchi nyingine, na kumlilia mtu mapema ni kuacha kumtafuta. Mwenzangu Bahati tulimpata namna hiyo, viatu na mkanda na mifupa kidogo, na mke wake akaruhusiwa kulia. Nilipokusimulia ulinikatiza. Ukasema ni roho mbaya kumzuia mwanamke kulia mpaka majani yaungue. Nikakuambia hiyo si roho mbaya, ni kazi. Hatukusemezana mpaka kesho yake.

Halafu vita vikaja. Waasi walipoingia hapa Uvira, mimi nilikuwa nimeshapanda juu. Huku walikuwa wanaua kila aliyevaa nguo ya Serikali: askari, polisi, karani, na kwao gardi wa parki alikuwa askari tu. Sikujua. Habari zilitufikia vipandevipande, leo hivi, kesho vingine. Msimu ulipoisha hakukuwa na lori. Niliteremka kwa miguu nikiwa nimevaa kila kitu changu, kofia na yote, na kabla sijafika Luvungi nikakutana na wachungaji wa ng'ombe wa Rurambo waliokuwa wameshuka kutafuta chumvi. Mzee wao aliniangalia kutoka juu mpaka chini, akavua blanketi lake mwenyewe.

“Toa hii nguo, mwana wangu,” akasema. “Itakuua.”

Wakaizika kaki yangu kwenye lundo la samadi, wakanipitisha milimani. Nilikaa kwao Rurambo kwa muda, nikinywa maziwa yao na kuomba nao, mpaka njia ya juu ikawa salama. Ukiwa kule unaona bonde lote chini, na mto Ruzizi, na mwanzo wa ziwa. Niliangalia chini kila siku, kwa mazoea ya kazi. Niliona majani tu, marefu, maana mwaka ule wa vita hakuna aliyeyachoma.

Nilifika nyumbani kwa kupitia nyuma, nikinuka ng'ombe. Furaha, ambaye alikuwa ameanza kusema vizuri, alinikimbia akajificha nyuma ya Debora. Na Debora, badala ya kunisalimia, akaniuliza wewe uko wapi. Nilifikiri ananitania. Niliingia ndani kukutafuta chumbani, nikatoka, nikaenda jikoni. Ndipo akanikalisha akanieleza.

Ulikuwa umesikia kwamba parki imefungwa na magardi wanarudi. Ukajua nitapita bondeni, kama kila mwaka, na kofia yangu. Ukachukua suruali yangu ya Jumapili na shati, ukazifunga kwenye kitenge, ukamwachia Debora mtoto. Alikusihi usiende. Maneno uliyomjibu amenisimulia mara nyingi, na kila mara anayasema vilevile.

“Yule muntu ataleta kofia yake mpaka mu mikono yao,” ulimwambia. “Minye naenda kumuvua.”

Ukashika barabara ya Luvungi. Wewe ukapanda kwa chini, mimi nikateremka kwa juu.

Mtu wa mwisho kukuona alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa hapa Uvira, muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyekuwa anarudi kutoka Luberizi. Alikuambia mbele kuna bariyere ya waasi, wamefunga njia. Ulimshukuru, ukaacha barabara, ukaingia kwenye majani upande wa mto. Alikuita akuambie kwamba hata mtoni kuna watu, lakini majani yalikuwa marefu na hukujibu. Alikuja hapa mwenyewe vita vilipopoa, akakaa uani, akatusimulia, akakataa kunywa hata maji. Hajui zaidi ya hapo, na hakuna mwingine anayejua.

Basi nikafanya ninachokijua. Parki ilipofunguliwa tena nilirudi kazini kila kiangazi, lakini niliomba ruhusa ya kushuka wakati wenye ng'ombe wanachoma bonde. Nilipostaafu, wakanipa mkono na blanketi, sikuhitaji tena ruhusa. Kila mwaka nilienda Luberizi, nikatembea juu ya majivu kutoka barabarani mpaka mtoni, na kurudi, peke yangu, maana mstari wa magardi sikuwa nao. Nilijua kitenge kimeungua, na shati na suruali. Nilitafuta bangili yako ya shaba. Niliokota maganda ya risasi, taya za ng'ombe, sufuria iliyotobolewa, ndala ya mtoto. Nilipokuwa napata mfupa nilikuwa nainama, nauangalia, naona ni wa mnyama, naendelea. Miaka ya kwanza moyo uliruka kila nilipoinama. Baadaye ukaacha. Sikumbuki ni mwaka gani.

Watu niliwaambia naenda kusalimia jamaa. Hakuna aliyedanganyika. Furaha alipokua alinifungia viazi vya njiani bila kuuliza naenda wapi, na nikirudi aliangalia mikono yangu kwanza, kisha uso.

Sasa amepata mchumba, kijana wa Luvungi, mwalimu, mtaratibu, anacheka kwa sauti kubwa mno lakini tutazoea. Ndugu zake walipokuja walileta neno kwamba kitenge cha mama kiko tayari, wanauliza nani atakipokea. Unajua desturi. Mama akiwa hai anakipokea yeye, akiwa amekufa anakipokea mdogo wake. Debora akasema hawezi kunyoosha mikono kupokea kitenge cha dada ambaye hajaliliwa. Wageni wakaniangalia mimi. Nikasema wangoje kidogo. Walipoondoka Furaha alibaki amesimama mlangoni.

“Papa, mama iko ao haiko?” akaniuliza. “Kama iko, twende tumuite. Kama haiko, acha tumulilie. Minye siwezi kuolewa na mama mwenye iko mu majani.”

Hakupandisha sauti. Ana sauti yako, ya chini, ile inayomfanya mtu anyamaze ili asikie. Nikamwambia angoje majani yaungue, niende mara moja tu. Akaenda jikoni akaanza kumenya viazi.

Nilishuka kwenye gari Luberizi nikadhani nimepotea. Ile sehemu yetu, kutoka barabarani mpaka mtoni, haina majani. Wamechimba mifereji, wameleta maji, kote ni mpunga, kijani, umenyooka. Mwaka uliopita palikuwa pamebaki kipande upande wa mto, nacho sasa kimelimwa. Hakuna kitakachochomwa pale tena. Nilisimama, halafu miguu ikaingia yenyewe kwenye tuta na kuanza kutembea, macho chini, kama kawaida. Mama mmoja mwenye shamba akanijia na jembe begani, akaniuliza natafuta nini kwenye mpunga wake. Nikamjibu kweli. Nikasema namtafuta mke wangu.

Aliangalia huku na huku, akaniuliza alipita saa ngapi. Nikasema alipita wakati wa waasi.

Akashusha jembe, akaliweka chini. Alikuwa mtu mzima, umri ambao wewe ungekuwa nao.

“Baba,” akasema, “hapa siye tulilima yote na jembe, mpaka ku mto. Tuligeuza udongo yote. Kama alikuwaka hapa, tungemuona.”

Nikamshukuru. Akanionyesha pa kukanyaga nisivunje tuta, nikarudi barabarani, nikakaa, nikala viazi. Nilikuwa nimefikiri siku nitakayomaliza ardhi yote nitaanguka chini. Sikuanguka. Nilikula viazi vyote na nikawa bado na njaa. Wanawake wengi na majembe yao wametembea mstari ule ambao mimi sikuwa na watu wa kuupanga, na wameangalia kila mahali. Desturi yetu ya magardi inasema asiyeonekana haliliwi, kwa kuwa bado anatafutwa, lakini sasa hapajabaki pa kukutafuta, na kazi imeisha. Nilipofika nyumbani Furaha aliangalia mikono yangu, na kabla hajafika usoni nikamwambia Debora aite mchungaji.

Nimejiuliza kama nina hasira na wewe. Ningependa kuwa nayo, ingekuwa kitu cha kushika. Ungeweza kubaki na mtoto wako. Ungeweza kufikiri kwamba mwanamume mzima, hata mwenye kofia, atapata mtu wa kumwonya njiani, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini nikijaribu kukukasirikia nakuona tu na kile kifurushi cha nguo mkononi, unaharakisha, na hasira haiji. Kinachokuja sijui jina lake, ni kidogo, kinapita.

Kesho nitasimama na kusema. Najua nitaweza, kwa sababu wageni watakuwa wengi na binti yako atakuwa ananiangalia. Ila naona si vizuri neno hili ulisikie kwa mara ya kwanza uani, katikati ya watu, wakati ni lako kuliko la mtu yeyote. Kwa hiyo nakuambia wewe kwanza, hapa tukiwa wawili. Mama Furaha, ulikufa. Ulikufa njiani, ukija kunipokea.

Pumzika sasa. Usinitafute tena. Nilishafika nyumbani.

Mjane wako,
Baba Furaha