Yule Mama wa Sinema Hakufa

Dada Espérance, mkubwa wangu,

Namna gani huko Uvira? Ule mgongo ulipoa? Huku Louisville tunapumua, lakini mimi nina hasira. Ukiweka maharage kifuani kwangu yataiva.

Unajua nani alikuwa anatafsiri sinema pale chumba cha video cha sokoni. Ni mimi. Askari walikuwa wanaacha bunduki mlangoni ili walie vizuri. Bon. Jumamosi, kanisa letu la hapa mtaani Highview likaonyesha sinema isiyo na rangi, ya wakati picha ndiyo zinaanza kusema, sauti inakwaruza kama sufuria. Mama anafua nguo za watu mpaka mwanawe anakuwa daktari, kisha mwana anamwonea haya. Pasta wetu, Mmarekani, akaniomba nitafsiri. Nikatafsiri mpaka wamama wakamaliza vitenge kwa kufuta machozi.

Mwishoni yule mama anafumba macho kitandani. Mbele yangu amekaa Mama Nyota, ambaye binti yake alibaki njiani tukikimbia vita. Nikasema, "Amechoka tu. Kesho ataamka."

Kijana Mkenya, mwanafunzi, mgeni kutoka Columbus, akasimama. "Mzee, hapana. Huyo amekufa. Mwanawe amesema hivyo, si umesikia?"

"Kijana, kwetu mtafsiri akiongea, sinema inanyamaza."

"Basi tuizime, mzee, utuhadithie wewe."

Watu wakacheka mpaka kiti kikavunjika. Hata watoto wangu, dada, wakicheka kwa Kiingereza. Wananicheka mimi, baba yao.

Sasa pasta anataka Jumapili nisimame niseme nilidanganya. Nikikataa, atatafuta mtu mwingine wa kutafsiri mahubiri yake. Miaka yote hii mimi ndiye mdomo wake, donc bila mimi Mungu mwenyewe hapa angeongea na ukuta.

Jana Mama Nyota alikuja na bakuli la sombe. Hakukaa. "Shemeji, yule mama alipoamka, alienda wapi?"

Nikamwambia alipanda basi, akaenda Buffalo kwa dada yake.

"Buffalo kuna baridi. Ana koti?"

"Analo. Zito."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Kwa hiyo sitasimama. Pasta atafute mdomo.

Nisalimie shemeji fundi baiskeli, na mama mkwe wako mkali, na yule mdogo wetu mwalimu, asisahihishe barua hii.

Ni mimi ndugu yako, mtafsiri wa Uvira yote, na wa Louisville mpaka Jumapili,

Baba Safari