Siku Ile Ng'ombe Hawakuwa Wamepita

Baba,

Nilikudanganya. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa rohoni tangu hospitalini Malindi, na mwanangu Salimu akiamka sitapata tena nafasi ya kuandika leo. Ulifungua macho ukaniuliza, "Mama, ng'ombe wamepita?" Nikakujibu wamepita, Baba, wote, tena wamekunywa wakashiba. Ukashusha pumzi. Hukuuliza kitu kingine mpaka ukatutoka.

Hawakuwa wamepita. Wiki ile uliyolazwa, kaka Bakari aliiziba malka kwa miiba. Ile njia uliyowaachia wafugaji katikati ya shamba letu la Idsowe, kutoka barabarani mpaka mtoni, alikuwa ameshaanza kulaza mipira ya pampu juu yake apande mahindi. Na kiangazi hiki, Baba, wewe mwenyewe ungekiogopa.

Mazishi yako yalijaa. Wakubwa walikuja na magari yao, wakasimama mmoja mmoja kusema mheshimiwa alikuwa mtu wa amani, alikata shamba lake mwenyewe ili Wapokomo na Waorma wasigombane. Mimi nilikuwa upande wa wanawake, namnyonyesha Salimu, nasikiliza. Walisema kweli. Ila hawakujua ninalolijua mimi.

Maana nilikuwa kwenye pikapu ya kampeni. Ulikuwa umeshatoka kwenye kuuza ndizi Garsen kwa baiskeli, umenunua lori, umefungua duka la mabati na saruji, watu wakakuambia sasa gombea wadi. Mimi msichana wa shule, kazi yangu kukushikia kipaza sauti. Asubuhi ukawaambia wakulima kwa Kipokomo kwamba malka iliyopita kwao itafungwa, ng'ombe hawatakanyaga tena mashamba yao. Jioni ile ile ukawaambia wafugaji kwa Kiorma kwamba malka itabaki wazi milele. Hata jasho hukutoa. Njiani nikakuuliza, Baba, mbona umesema mawili? Ukacheka. "Mama, nyamaza. Huo si uongo, hiyo ni kampeni." Uliniita mama kwa kuwa nina jina la mama yako, na ulipotaka ninyamaze ndipo ulipoliita hasa.

Ukashinda kwa kura za pande zote mbili.

Kiangazi kikaja. Ng'ombe wamesimama barabarani wanalia kwa kiu, wakulima wamesimama mbele yao na mapanga, na kila upande unaita jina lako. Sijawahi kukuona vile. Ulivua koti, ukachukua panga, ukaingia kwenye migomba yetu wenyewe, ile aliyoipanda marehemu Mama, ukaikata mstari mzima mpaka mtoni. Malka ya zamani ikafungwa, mpya ikapita kwako. Ahadi zote mbili zikatimia. Watu wakapiga makofi, wakasema huyu ndiye kiongozi. Usiku ukakaa jikoni, utomvu umekuganda mikononi, ukaniambia polepole, "Mama, ulimi wangu umekula shamba letu." Nilikukasirikia miaka mingi, Baba. Ile ilikuwa migomba ya Mama.

Vipindi viwili walikuchagua. Cha tatu wakakuacha, wakasema umewapa wageni ardhi. Ukarudi dukani, ukakaa nyuma ya kaunta na simu yako, na bado ukimwinukia kila anayeingia kana kwamba amekuja kukuomba.

Simu hiyo ninayo mimi. Hawaachi kupiga. Juzi mama mmoja wa Kipini alitaka basari ya shule ya mwanawe. Nikamwambia mheshimiwa amefariki, nikamsikia anasema innalillahi, kisha, "Sasa mwanangu, wewe ndiye nani?" Nilikata simu nikalia mbele ya wateja, na kibandiko cha bei ya misumari kimenibana kidoleni.

Baada ya arubaini, sheikh alitukalisha tugawane. Mimi fungu moja, Bakari mawili, kama sheria inavyotaka. Wakaniuliza nataka upande gani. Nikasema nipeni malka.

Bakari alinitazama. "Hadija, una wazimu? Utavuna nini pale, kwato?" Wajomba wakacheka mpaka kofia zikawatoka. Mmoja akasema uzazi umenichanganya, nipelekwe nikalale. Na kweli nilitaka kulala, Baba, nina usingizi wa miezi mitano. Lakini nikasema ndiyo hiyo hiyo, niandikieni, na mipira ya pampu itoke leo. Mume wangu nilipompigia aliuliza watoto watakula nini. Ana haki kuuliza. Bado tunaongea juu ya hilo.

Miiba niliitoa mwenyewe, Salimu mgongoni. Siku ya tatu ng'ombe wakaja. Sikuwaona kwanza, niliona vumbi. Walikuwa wamekonda, Baba, mbavu unaweza kuzihesabu, na waliponusa maji hawakungoja mtu. Mzee Barisa, yule aliyekuwa akikuletea maziwa kila Idi, alipita wa mwisho na fimbo yake mabegani. Hakunishukuru. Alisimama akasema, "Babako alituambia milele. Na wewe unasemaje?"

Nikamwambia, "Mzee, milele siijui. Mimi nasema mwaka huu wanapita. Mwaka ujao njoo uniulize tena, utanikuta. Na ng'ombe akiingia kwa jirani, utalipa."

Akacheka, meno yote mawili nje. "Huyu hataki kura," akawaambia vijana wake.

Jioni nikaenda kwa majirani wakulima, nyumba kwa nyumba, nikawaambia maneno hayo hayo. Wawili walinifungia mlango. Mama Zainabu alinipa kiti, akanitukana vizuri, kisha akanipa uji.

Sijui kama nilifanya hivi kwa ajili yako au kwa ajili ya lile jibu nililokupa kitandani. Labda nilitaka tu lisibaki uongo. Uliondoka umetulia, na mimi ndiye niliyekutuliza kwa neno la bure. Sasa nimelilipia, na bado linauma. Ningekuambia kweli, ungekufa na hasira kwa Bakari. Sijui lipi lilikuwa bora. Ungenisaidia kujua, na huko uliko hakuna simu.

Salimu anajinyoosha, ataamka sasa hivi. Nakuacha, Baba. Mola akupe kivuli na maji. Duka nitafungua, simu nitaipokea, nikiwa na la kusaidia nitasaidia, nisipokuwa nalo nitasema sina. Na kiangazi kikija nitasimama kwenye malka yetu na watoto wangu, na nitakalomwambia mkulima ndilo nitakalomwambia mfugaji.

Mwanao,
Hadija