Ndago Katika Uwanja wa Mama

Bububu, Unguja
9 Oktoba 1955

Mpendwa mdogo wangu Mize,

Assalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipata, marahaba mwanangu. Watoto hawajambo huko Tanga? Homa ya shemeji imeshuka? Huku tu wazima, alhamdulillahi. Mume wangu Usi anakohoa kidogo, na mimi kiuno kinaniuma kwa sababu nitakayokueleza.

Uwanja wa mama umeingiliwa na magugu ya ndago. Ule ukoka alioupanda marehemu kwa mkono wake, tunapotandika mikeka kila mwaka kumsomea maulidi, nusu yake imekwisha.

Kosa ni langu, sifichi. Masika yale maji yalituama wiki nzima juu ya udongo wetu wa mfinyanzi. Nikakumbuka kwa mama mkwe Chwaka, wanavyomwaga mchanga wa pwani mbele ya nyumba pakawa peupe na pakavu. Nami nikaagiza gari zima la ng'ombe. Lo! Kule chini ni mawe, maji yanapita. Hapa mchanga ukashikana na udongo, chumvi ikaua ukoka, ndago zikanawiri. Nikazidi kuharibu kwa kuzipiga jembe, vile viazi vyake vya chini nikavitawanya uwanja mzima.

Ndipo Kaka Machano akaja kutoka mjini na mdomo wake. Eti uwanja umeshakufa, ataumwagia saruji, na maulidi mwaka huu yasomwe kwake Mji Mkongwe, ghorofani. Ghorofani! Majirani waliomwosha mama watakaa wapi, kwenye ngazi?

Nikamwambia sitaki. Nimechimba mfereji hadi barabarani maji yatoke. Kila asubuhi mimi na jirani yangu Bi Kazija tunakaa kitako na visu, tunazing'oa ndago moja moja na kiazi chake, kisha tunapachika vipande vya ukoka. Wapita njia wananicheka. Nawacheke, meno yao.

Juzi kaka kaja na fundi na mifuko ya saruji. Nikatandika mkeka katikati ya uwanja, nikakaa.

"Mimina, kaka. Anzia kwangu."

Akaniita mwendawazimu. Fundi akaniangalia, akaniamkia kwa adabu, akairudisha mifuko garini. Machano akaondoka bila kuniaga. Roho iliniuma, Mize, maana ni kaka yetu na simchukii. Lakini sikuinuka.

Jana nikamtuma Bi Kazija akaalike nyumba kwa nyumba kama ada yetu, kwamba maulidi ni hapa hapa uwanjani. Nikamwambia aanzie mjini, kwa Machano mwenyewe. Hapo ndipo nilipomkamata, kwani nani atakataa mwaliko wa maulidi ya mama yake? Wifi Mwanakheri kaupokea, kasema watakuja wote.

Nisalimie shemeji, mwanao Simai na jirani yako Bi Mmanga. Mola akulinde wewe na nyumba yako, akupe safari ya heri ukija. Usije na viatu vizuri. Nusu ya uwanja bado ni tope, na tutaikalia.

Dada yako akupendaye,
Mwamvua