Mstari wa Arobaini na Moja

Jumanne, 9 Julai 2024

Sylvesta kanivua nguo mbele ya baraza la ardhi la kijiji. Eti shamba la bondeni si letu, babu yangu Manirambona alikuwa mkimbizi wa Burundi wa sabini na mbili, alipewa tu pa kulala. Jirani huyo! Kala mihogo yetu miaka yote, leo ana mdomo. Mwenyekiti kanipa siku kumi: nilete karatasi kuonyesha babu alizaliwa upande huu. La sivyo shamba linaondoka.

Nitaleta. Nimpake nazo usoni.

Ijumaa, 12 Julai — Kasulu

Parokiani. Katekista kaniweka saa tatu kwenye fomu, kisha ndio kafungua kabati. Bazilio Manirambona, mzaliwa wa Nyakitonto, hapa hapa Kasulu, kabatizwa 1941. Nikalia. Nikamchukia katekista kwa kuniona nikilia.

Jumatatu, 15 Julai — Kibondo

Cheti cha ubatizo kingetosha. Lakini mimi na kiherehere changu — nikataka na daftari la kodi ya zamani. Nurudini, karani wa masjala, hakulipata. Kaleta daftari la wakimbizi, 1973. Mstari wa 41: Manirambona, mzaliwa wa Burundi. Dole gumba. Blanketi moja, jembe moja, unga.

Nurudini kanipa pole. Kasema kuna mtu alishachukua nakala wiki mbili nyuma. Nami nikachukua yangu.

Jumanne, 16 Julai

Nimemvaa shangazi Pelagia kabla hajanikaribisha kiti. Kasema mwaka ule njaa ilikuwa kali. Wakimbizi wakigawiwa, wenyeji wakitazama. Kiha chetu na Kirundi ni lugha ndugu, mgawaji kutoka mbali angetofautisha wapi? Babu akajipanga foleni. Hakwenda peke yake, alikwenda na rafiki yake Niyitegeka. Baba yake Sylvesta!

Nimekunjua nakala. Mstari wa 42. Niyitegeka, mzaliwa wa Burundi. Dole gumba, blanketi, jembe.

Babu mjinga. Umeuza kuzaliwa kwako kwa jembe. Shangazi anasema ndilo lililofyeka shamba lenyewe. Sitaki kusikia.

Ijumaa, 19 Julai

Baraza limesimama, mwenyekiti kaenda kuswali. Naandika hapa kwenye benchi.

Asubuhi nilitoa cheti, wazee wakaridhika. Sylvesta akatoa nakala yake. Kaikunja chini ya mstari wa 41, kaishika mwenyewe, hamwachii mtu. Wazee wakaguna.

Kwa hiyo anajua. Mshenzi anajua baba yake yuko chini ya mkunjo.

Nikitoa yangu nzima, ama wataona daftari lilijaa wenyeji wenye njaa, ama tutafukuzwa sote wawili. Ana watoto sita. Shangazi kaninong'oneza: mwite pembeni, mwanangu, muelewane. Tuelewane nini? Aliponiita mtu wa kuja mbele ya kijiji kizima, aliniita pembeni?

Mwenyekiti karudi. Anauliza kama mimi, dada Niyubahwe, nina la kuongeza. Sylvesta ananitazama, anacheka. Bado anacheka.

Mkono wa kushoto uko kwenye mkoba. Nakala yangu haina mkunjo. Nasimama —